Njaa Hana Kwao

Semboja alijaliwa kipaji kimoja tu, nacho ni kuanguka. Wako watu wanaojua kuimba, wako wanaojua kuuza maneno mpaka unanunua ndoo iliyotoboka huku unacheka. Yeye alijua kuanguka. Umnyanyue juu ya kichwa umbwage, atashuka kwa bega la kushoto, mkono wa kulia kaukunja kifuani, mgongo utapiga chini kwa kishindo cha kuwatoa kuku mbio, halafu atalala kimya mpaka kuna mzee wa mbele ataanza kusema innalilahi. Kesho yake asubuhi utamkuta bombani anachota maji, mzima wa afya, anagombea foleni.

Kipaji chenyewe alichelewa kukijua. Mpaka anatimiza miaka thelathini na minne alikuwa mkata mkonge katika shamba moja huko Hale, kijana wa Kizigua aliyetoka Kwaluguru kufuata kibarua akamwacha mama yake, Bi Hajira, na dada yake Maryamu. Shamba lilipopunguza watu, alipunguzwa kwenye kundi la kwanza. Mkewe akafunga mizigo akarudi kwao Lushoto bila ugomvi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hata kumgombeza hakumgombeza. Akahamia chumba kimoja na Nicolaus, mwenzake wa shambani, mjukuu wa watu walioletwa na mkonge kutoka mbali zamani zile, mtu mwenye mabega ya kuziba mlango.

Wawili hao walikuwa wameangalia mieleka ya kwenye video tangu wakiwa na kazi, kwenye kibanda pale Hale, ambako kila Jumamosi majitu yenye chupi za kung'aa yalirushana na watu wakalia kwa furaha. Siku za kukaa bure zilipozidi, wakawa wanaigizana juu ya rundo la makapi ya mkonge. Nicolaus anarusha, Semboja anaanguka. Watu wakaanza kusogea kutazama. Aliyekuwa karani wao wa mahudhurio shambani, Dunstan, naye akasogea. Ila Dunstan hakuwatazama wacheza mieleka, alikuwa anawatazama watazamaji.

Mwaka ule vuli haikunyesha kabisa, na masika yalikuja wiki mbili yakakata. Mahindi ya Handeni yalikauka yakiwa kimo cha goti. Watu walikula mara moja kwa siku, na wengine walikuwa wakijisifu hata hiyo moja. Nicolaus aliuliza, sasa wakati kama huu nani atatoa chochote kuja kuona watu wazima wanagaragazana?

"Sasa hivi ndiyo watakuja," Dunstan alisema. "Lakini hawaji kuona unampiga Semboja. Semboja kawakosea nini? Watakuja kuona anapigwa yule anayewapiga wao."

Akachukua gunia la katani, akalikata, akatoboa matundu mawili ya macho. Semboja alimuuliza mbona hakuna tundu la mdomo. Dunstan akacheka, akasema huyu mdomo wa nini. Wakamchora mbavu kifuani kwa mkaa, akavishwa gunia kichwani, na jina lake kuanzia siku ile likawa Njaa. Nicolaus akaitwa Jembe.

Nikikwambia watu walijaa, amini. Waliingia na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenye magulio ya Korogwe, Mombo, Mkata, Kabuku, wakasimika nguzo nne, wakazungusha kamba za katani, chini wakatandika magunia ya makapi. Dunstan akishika kipaza sauti alikuwa na ulimi ambao shamba la mkonge liliupoteza bure kwa miaka kumi na minane. "Huyu hapa! Aliyeingia nyumbani kwako bila hodi! Aliyekaa kwenye chungu chako kabla ya wewe!" Njaa anapanda ulingoni anatambaa taratibu, watu wanamzomea mpaka sauti zinakauka. Mwanzo Njaa anamzidi Jembe nguvu. Halafu Jembe anaamka. Akina mama ndio waliokuwa wakali kuliko wote, walirusha kandambili, na kuna bibi mmoja wa Mombo aliyepanda ulingoni na mwiko.

Mwisho ulikuwa mmoja siku zote. Jembe anamkanyaga Njaa kifuani na kumuuliza, "Utarudi?" Njaa anaguna, "Sirudi." Siku moja pale Mkata, Semboja kwa kujiongezea tu, kama kijana yeyote anavyoapa kijiweni, akajibu, "Haki ya mama, sirudi tena!" Uwanja uliangua kicheko. Kumbe Njaa ana mama! Dunstan akamwambia neno hilo lisiachwe hata siku moja. Halikuachwa.

Kulikuwa na sheria nayo. Gunia halivuliwi mbele ya mtazamaji. Njaa anafika amejificha chini ya turubai la kirikuu, anaondoka chini ya turubai, na mtu akiuliza huyu ni mwenyeji wa wapi, jibu ni moja: Njaa hana kwao. Semboja aliipenda sheria hii kuliko wenzake wote, kwa sababu mama yake alikuwa anajua yeye ni mlinzi kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme pale Hale. Mtu mzima utamwambiaje mama yako kwamba unaishi kwa kupigwa na kuzomewa? Ndani ya gunia hakuwa mtoto wa mtu.

Mambo ya ajabu yalianza kidogo kidogo, kwa namna ambayo ungeweza kuyapuuza. Kabuku, baada ya mchezo, mwanamke mmoja alikuja nyuma ya kirikuu na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Hakumtazama. Aliiweka karibu na mguu wake akasema kwa sauti ndogo, ya heshima kabisa, "Chukua hii. Nyumbani kwangu usije." Akaondoka bila kugeuka. Semboja alitaka kumwita amwambie, dada, mimi ni mtu tu, lakini sheria ni sheria. Alipokuwa peke yake akainua gunia akala mihogo ile, na kila tonge lilivyoshuka ndivyo alivyozidi kuhisi tumbo tupu.

Akaja kugundua kwamba ilikuwa hivyo kila alipolivaa. Angeweza kushiba wali asubuhi, akaingiza kichwa kwenye lile gunia lenye harufu ya mkonge, na tumbo likaanza kumkata. Akilivua, kimya. Mama lishe wa stendi ya Hale, ambaye hakuwa anajua chochote cha mieleka, alimwambia siku moja kwa utani kwamba akila pale chungu huisha kabla ya saa saba. Semboja alicheka naye. Wiki iliyofuata akahamia kwa mama lishe mwingine.

Halafu mzee Mbaruku wa Kwaluguru akaja Korogwe.

Alikuja mwenyewe, na kanzu na koti, akamtafuta Dunstan mpaka nyuma ya soko walikokuwa wanashona magunia. Semboja alimwona kwa mbali. Mzee huyu alimjua tangu anachunga mbuzi. Akachomeka kichwa kwenye gunia haraka, akakaa kwenye kona ya kirikuu kama mzigo.

"Dua ya mvua tumesoma mara mbili," mzee Mbaruku alisema. "Mbuzi tumemzungusha kijiji kizima tukamchinja, tukala sadaka. Bado. Sasa nikakumbuka babu zetu. Ndui ilipoingia waliitoa kwa miguu. Alitafutwa mtu, akabebeshwa ule ugonjwa, akapigwa, akavushwa kijito. Akiapa harudi, basi. Ninyi mmesharahisisha, Njaa mnaye."

"Tunaye," alisema Dunstan.

"Lakini awe mgeni. Asiwe na ndugu pale hata mmoja. Mwenye ndugu hatoki, hata akitoka."

"Mzee wangu," Dunstan alisema, na alisema kwa nia njema, "Njaa hana kwao."

Hapo ndipo Semboja angefungua mdomo. Neno moja tu lilitosha. Lakini juzi yake Maryamu alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba wanawe watatu walilala na maji ya moto, na kwamba mama anasema ameshiba kumbe anawaachia wao. Semboja alikuwa na nusu gunia la unga alilolikusanya kwa mwezi mzima, na nauli hakuwa nayo. Kirikuu ndicho hicho, kinakwenda Kwaluguru bure. Akapanga vizuri kabisa, kwa akili yake yote: atapigwa, atavushwa kijito, atavua gunia huko barabarani, atanawa uso, halafu atarudi kijijini kwa miguu yake na unga begani, Semboja mwana wa Hajira amekuja kusalimia. Jioni atakula na mama yake. Akanyamaza.

Walifika baada ya swala ya adhuhuri, jua likiwa limesimama. Hapakuwa na ulingo, mzee Mbaruku alikataa kamba na magunia. Wacheze juu ya ardhi. Semboja alitoka chini ya turubai akatambaa kama kawaida yake, akisubiri kuzomewa.

Hakuna aliyezomea. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama duara, wanawake mbele, kila mmoja na bakuli la jivu mkononi, na hakuna aliyefungua kinywa. Watoto walikuwa kimya. Dunstan alianza maneno yake ya kipaza sauti, akasema sentensi mbili, akaona aibu, akakizima. Semboja aliwahi kupigwa mawe, aliwahi kutemewa mate, hakuwahi kuogopa watazamaji; siku ile aliwaogopa. Walikuwa wanamtazama Njaa, na walikuwa wanamjua.

Nicolaus naye alibadilika. Jasho lilimtoka kabla hajagusa mtu. Akamnyanyua Semboja juu ya kichwa na katika matundu yale mawili Semboja akamwona mama yake. Alisimama mstari wa mbele, amekonda, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Macho yake yalikuwa juu ya gunia. Halafu akabwagwa.

Alianguka kama hajawahi kuanguka maishani mwake. Bega la kushoto, mkono kifuani. Vumbi likatimka. Na kabla halijatua, majivu yakaja, kutoka pande zote, kimya kimya, wanawake wakirusha kama watu wanaopanda mbegu. Mengine yalipita kwenye matundu yakamchoma macho. Akainuliwa, akasukumwa kwa mifagio na michi, mpaka kwenye kijito kilichopakana na barabara ya kwenda Handeni, ambacho mwaka ule kilikuwa mchanga mtupu. Wakamvusha. Mzee Mbaruku akainama akachora mstari wa jivu kwenye ukingo wa kijiji.

"Utarudi?" akauliza mzee, badala ya Jembe.

Mdomo una mazoea yake. Semboja alikuwa amelijibu swali hilo mara mia na zaidi, kwenye magulio yote ya wilaya mbili. "Haki ya mama," alisema, "sirudi tena."

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Mmesikia," mzee Mbaruku aliwaambia watu. "Amemwapia mama yake. Akivuka jivu hili, ni juu ya mama yake." Watu wote wakaitikia, na katika itikio lile Semboja akaisikia sauti ya Maryamu.

Kirikuu kilikuwa hakijafika mbali mvua ikaanza. Nicolaus, aliyekaa nyuma na Semboja, ndiye aliyemgusa atazame. Ilikuwa inanyesha Kwaluguru kwa hasira, mawingu yamekaa juu ya mapaa. Ilifika mpaka kwenye kijito ikasimama pale. Upande wao vumbi la barabara lilikuwa linapanda juu kama asubuhi. Nicolaus alisogea mbali kidogo kwenye ubao wa kukalia.

Nusu gunia la unga lilikuwa bado chini ya turubai. Semboja alimpa kijana wa bodaboda alifikishe kwa Bi Hajira, akasema limetoka kwa mwanawe, mlinzi wa Hale, amebanwa na kazi.

Sasa wewe msomaji utasema, huyu naye si angekwenda tu? Mchezo ni mchezo. Nami ningesema hivyo, nikiwa nimekaa zangu. Semboja mwenyewe alijiambia hivyo kila wiki, na mara mbili alipanda bodaboda mpaka Kabuku, na mara mbili alishuka akarudi. Mama yake alimpigia kwa simu ya Maryamu: "Utakuja lini, baba?" Akajibu kazi zimebana. Idi ikapita, akasema zamu. Maryamu akaacha kumuuliza, na hakuna kitu kinachouma kama ndugu akiacha kukuuliza.

Habari za mvua ya Kwaluguru zilienea haraka kuliko tangazo lolote la Dunstan. Vijiji vikaanza kuja kumtaka Njaa, si kwa burudani tena, kwa shughuli. Kwamsisi wakamtoa. Vijiji vya kule Segera vikamtoa. Semboja aliacha kabisa kuapa kwa mama, akawa anasema "sirudi" peke yake, lakini kila kijiji kilichomtoa kilikuwa kimemtoa, na yeye si mtu wa kuvunja neno. Mahali pa kukanyaga pakawa panapungua. Ikafika wakati akisafiri Handeni hashuki kwenye gari, anakaa dirishani anavipita vijiji vya watu waliomfukuza, mahindi yao yamesimama vizuri.

Nicolaus aliacha mwezi wa tisa. Walikuwa wametoka kwenye kijiji kimoja, wamekaa chumbani, akawa anafungua mikanda yake ya mkononi polepole.

"Semboja," alisema, "leo nimekunyanyua, sikunyanyua kitu."

"Nimepungua kidogo."

"Sisemi umepungua. Nasema nilinyanyua gunia." Alilia, jitu lile, mabega yale yote. Kesho yake akaenda kufyatua matofali Korogwe mjini, na Dunstan akakiuza kile kipaza sauti. Gunia la kichwani alibaki nalo Semboja. Hakujua kwa nini hakulichoma moto, nawe usiulize.

Ni Maryamu aliyempa habari ya sahani. Alipiga simu kusema mahindi yamekomaa, na katika maongezi akasema mzee Mbaruku ameagiza chakula cha kwanza cha kila mavuno kipelekwe kijitoni, kiachwe ng'ambo ya jivu, Njaa ale huko huko ashibe asipate sababu ya kuvuka. Anayepeleka haruhusiwi kumwangalia. Anaweka, anageuka, anaondoka. Watu wote waliogopa.

"Mama ndiye kajitolea," Maryamu alisema. "Nimemkataza hataki. Anapika mwenyewe, hata kuni haniachii. Tena anambandulia ukoko wa chungu anauweka juu. Nikamuuliza, mama, Njaa ukoko wa nini? Akasema huyu hula ukoko kwanza."

Semboja alikaa chini pale pale alipokuwa, stendi, katikati ya watu. Hakuna mtoto mwingine katika nyumba ya Bi Hajira aliyewahi kula ukoko kwanza.

Mavuno yaliyofuata alikwenda. Alishuka barabarani kabla ya adhuhuri, akakaa nyuma ya kichaka upande wa pili wa kijito. Kijito kilikuwa na maji sasa, membamba, na jambo ambalo hakulipenda ni kwamba majani ya upande wa kijiji yalikuwa mabichi na ya upande wake yalikuwa yamekauka. Hapakuwa na ndege. Akamwona mama yake anakuja na sahani iliyofunikwa kawa, anatembea katikati ya njia bila kuharakisha. Alivuka maji, akaiweka juu ya jiwe, akasema maneno aliyofundishwa: "Njaa, chakula chako hiki. Kula hapa, shiba hapa, usivuke." Akageuka. Lakini hakuondoka. Alikaa juu ya jiwe lingine, mgongo kwake, uso kijijini.

Semboja akatoka kichakani. "Shikamoo, mama."

Mgongo ule haukugeuka.

"Njaa hamwamkii mtu," alisema Bi Hajira. "Kula."

Akala. Ukoko ulikuwa bado moto. Mama yake akaanza kumpa habari za nyumbani, akizipeleka mbele yake hewani kana kwamba anaongea na mahindi: Maryamu ana mimba, mumewe karudi, ng'ombe wa Wamaasai wameingia shamba la mzee Mbaruku, ukuta wa nyuma umeanguka umejengwa. Semboja alisikiliza mpaka sahani ikaisha.

"Mama, ule ulikuwa mchezo," akasema. "Mimi si Njaa."

"Najua ni mchezo. Mvua ndiyo haijui."

Akavuta kanga yake. "Siku ile nilikujua ulipoanguka. Ulianguka kwa bega, ukakunja mkono, kama ulivyoanguka kwenye mkwaju wa kwa Sabiri ukiwa na miaka saba. Nikasema, yule mwanangu. Na nilikuwa na jivu mkononi, na wenzangu wananitazama, na ndani nimewaacha watoto wa Maryamu hawawezi kusimama." Akatazama kiganja chake. "Nikarusha, baba. Lilikuingia machoni?"

"Kidogo tu."

"Basi unisamehe."

Semboja alisema hana la kumsamehe, na yeye ndiye aliyeapa. Alitaka kuuliza kama anaogopa kile kiapo. Hakuuliza, kwa sababu aliona kwamba mama yake alikuwa amekaa kwa makusudi kabisa mahali ambapo yeye asingelazimika kuvuka. Bi Hajira alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapewa sahani, akaenda zake.

Ndivyo walivyoishi kwa miaka. Mavuno ya masika, mavuno ya vuli, wenyewe wawili kijitoni saa za adhuhuri, mmoja anakula, mwingine anaongea na kijiji. Akawa anaujua mgongo wa mama yake kuliko watu wanavyojua nyuso za mama zao: ulipoanza kupinda, bega lililoanza kushuka, kikohozi kilichoutingisha. Alikuwa anafanya vibarua vya kupakia machungwa Hale, na mwaka mzima alikuwa anahesabu kuelekea siku hizo mbili. Uso wa mama yake hakuuona. Alianza kuusahau, na hilo lilimtisha kuliko jivu na kiapo na majani makavu vyote kwa pamoja.

Mara ya mwisho Bi Hajira alikuja na fimbo. Ilimchukua muda mrefu kuvuka maji, na Semboja alisimama nyuma ya kichaka amekaza ngumi kwa sababu hakuweza kumsaidia. Aliweka sahani. Alikosea maneno, akayarudia. Akakaa, mgongo kwake, akavuta pumzi.

"Mavuno yajayo atakuja Maryamu," alisema. "Nimemwelekeza ukoko. Hajui kitu, na usimwamkie, atakimbia."

"Mama, nije nyumbani. Nije leo. Liwalo na liwe."

"Usije." Alilisema kwa ukali, kama zamani Semboja alipokuwa mtoto na amekaribia moto. "Mimi sijiogopei, nimeshakula vya kutosha. Lakini ukivuka nikafa wiki hiyo hiyo, hata kwa kikohozi changu hiki, watajua ni wewe. Na wewe mwenyewe utajua. Sitaki uishi na hilo."

Maji yalipita. Huko kijijini mtu alikuwa anatwanga.

"Ila nimechoka kukupa mgongo," alisema Bi Hajira, na akaanza kugeuka.

Semboja aliona bega linazunguka, fimbo inatafuta mahali pa kushika. Ilikuwa imekatazwa. Anayemwangalia Njaa anarudi naye. Kijiji kizima kiliamini hivyo, na ndani ya nyumba ya Bi Hajira kulikuwa na kitoto kingine cha Maryamu, cha miezi mitano. Mkono wake ukaingia kwenye mfuko wa rambo aliokuja nao, kwani siku hizi alitembea na lile gunia kila mahali, akalitoa akaingiza kichwa, uso usionekane. Njaa ilimshika hapo hapo tumboni.

Katika matundu mawili alimwona mama yake. Alikuwa mzee sana. Jicho moja lilikuwa jeupe. Alilitazama gunia kwa muda, bila hofu, kama mtu anayetazama nguo ya mtoto kuona kama inafaa kuvaliwa tena, na akaona mahali pembeni ya tundu la jicho palipofumuka. Akapabana kwa vidole vyake pakafungana kidogo.

"Umefanya vizuri," alisema. "Nimekatazwa kukuona."

Halafu akapitisha mkono chini ya gunia. Ulikuwa wa baridi, wenye harufu ya moshi na ukoko. Ulipita kwenye kidevu, ukapanda kwenye shavu, ukatafuta mfupa, ukakaa hapo. Mama yake aliupapasa uso wake wote, paji, pua, kope, polepole, hakuacha mahali.

"Umekonda, baba," alisema. Akaisogeza sahani karibu naye.